Mgongo wa Mbuni

Wewe ukiambiwa mgeni anaingia leo, sakafu yako unaifanyaje? Utaniambia utapiga deki, kwa sababu umezaliwa kwenye saruji. Bibi yangu Anyesi alizaliwa kwenye tembe ya udongo. Kwao sakafu ya mgeni husilibwa: kinyesi kibichi cha ng'ombe, udongo laini, maji kidogo, unapaka kwa kiganja nusu duara kwa nusu duara, unarudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Liweke hilo kichwani, maana ndipo mambo yalipoharibikia.

Ulikuwa wakati wa Wajerumani, mwaka wa tatu tangu reli ifike Dodoma. Ipagala, nje kidogo ya mji, ilikuwa pori la miiba. Hapo Mjerumani mmoja, Bwana Kurti, alijenga nyumba ya mawe yenye baraza refu. Alikuwa na kitabu kikubwa cha picha za jumba la kale la Warumi. Huko kwao Ujerumani mkulima alikuwa akilima, jembe likagonga kitu kigumu. Walipofukua wakakuta kumbi, bafu, hata sakafu zilizoachwa wazi kwa chini ili moto upite, tajiri asipate baridi ya miguu. Na juu ya sakafu, picha. Si za kupaka rangi. Ni vijiwe vidogo kama punje za mahindi, vimepangwa kimoja kimoja kwenye chokaa mpaka vikawa simba, vikawa chui, vikawa mbuni anayevutwa kwa kamba kupandishwa merikebuni. Matajiri wale, wakila chakula chao, walipenda kutazama chini na kuwaona wanyama wa Afrika.

Bwana Kurti akataka baraza lake liwe vivyo hivyo. Wakaitwa wanawake, kwa kuwa walizoea kutunga shanga. Bibi ndiye aliyekuwa na vidole vyepesi kuliko wote, akapewa mbuni.

Mawe meupe yalipatikana kilimani, mekundu korongoni. Meusi hayakuonekana. Kila asubuhi Bwana Kurti alisimama barazani akipiga kelele kwa Kiswahili chake kifupi: "Nataka nyeusi! Nataka leo! Nataka!" Mnyapara wake, Bashiri, mtu wa Kondoa, ndiye aliyekuwa mkalimani, na kiboko alikiogopa kama wengine.

Siku moja Bibi alirudi kutoka kisimani asilione jiwe lake la kusagia. Lilikuwa jeusi tii. Mama yake alilibeba kichwani kutoka upande wa Kondoa alipoolewa, akasagia mtama na uwele mpaka katikati pakabonyea kama bakuli. Mama mwenyewe alikwisha kufa, mwaka wa njaa. Kilichobaki nyumbani ni lile jiwe dogo la kushika mkononi wakati wa kusaga.

Akakimbia barazani. Akalikuta ndani ya gunia, limepondwapondwa.

"Bashiri! Hili ni la mama!"

"Dada, hili ni jiwe la Kondoa," Bashiri akacheka, lakini macho yake hayakucheka. "Limerudi kwa wenyewe."

"Usinitanie. Mwambie Bwana anirudishie."

Bibi wakati huo alijua Kigogo tu. Bashiri akamgeukia Bwana Kurti, akasema maneno marefu ya Kijerumani. Bwana Kurti akatabasamu, akampigapiga Bibi begani.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia unashukuru kwa kazi."

Basi jiwe la mama likawa mgongo wa mbuni, na Bibi ndiye aliyelipanga, punje kwa punje.

Tangu siku hiyo hakutulia. Akianza kusonga ugali, anauacha unashika chini ya chungu, anatoka nje kutazama njia. Akikaa, anasimama. Lile jiwe dogo alilifunga kwenye pindo la kaniki yake, likawa linamgonga nyonga kila hatua. Na alipopita barazani hakuukanyaga mgongo wa mbuni, aliuruka.

"Anyesi, nawe umegeuka mbuni!" wenzake wakamzomea. "Bado manyoya tu!"

Jambo moja hakuna aliyeliona. Katika kitabu, mbuni alikuwa na vidole vitatu kama kuku. Bibi, aliyekulia kufukuza mbuni kwenye mashamba ya uwele, alimwekea viwili.

Kisha ikaja habari: mzee mmoja, bingwa wa kufukua majumba hayo ya Warumi, anakuja kwa treni kutazama. Asubuhi ile upepo wa vumbi ulivuma tangu alfajiri, mabati yakagongana, mbwa wakabweka ovyo. Bwana Kurti alitoa amri, akapanda farasi kwenda stesheni. Bashiri akamfasiria Bibi huku naye akikimbilia stesheni: "Sakafu iwe tayari kwa mgeni!"

Naye akaitayarisha. Alisiliba baraza zima, kutoka ukuta hadi ukuta. Simba akazama, kamba ikazama, merikebu ikazama. Mgongo wa mbuni ulipofunikwa, Bibi akaketi chini, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi akabaki ameketi.

Waliporudi, Bashiri alijishika kichwa. "Dada! Umetuua!"

"Si ulisema mgeni?"

Bwana Kurti akawa mwekundu kama tofali, akanyanyua kiboko. Lakini mzee mgeni akamshika mkono. Akainama, akanusa, akaanza kucheka mpaka machozi, akasema neno.

"Anasema nini?" Bibi akauliza.

"Anasema amezoea kuzikuta chini ya udongo," Bashiri akajibu. "Eti leo angalau haujakauka."

Mzee akapiga magoti. Bibi akampa kipande cha kibuyu, naye akachukua cha kwake, wakakwangua pamoja, yeye huku, Bibi kule. Likatokea sikio la simba. Ikatokea kamba. Vikatokea vidole vya mbuni. Mzee akasimamisha mkono, akavihesabu, akavihesabu tena, kisha akaongea kwa muda mrefu akimwonyesha Bwana Kurti vile vidole.

"Anasema maisha yake yote amefukua mbuni wa vidole vitatu," Bashiri akafasiri. "Wewe peke yako ndiye uliyewahi kumwona mbuni. Anauliza unataka nini, upewe." Kisha, harakaharaka, kwa Kigogo cha kunong'ona: "Sema kaniki. Bwana hajui nililitoa wapi lile jiwe. Nakuomba, dada, sema kaniki mbili, mimi nitafasiri."

Bibi hakumtazama. Alikwangua mpaka mgongo mweusi ukatoka wote, akaufuta kwa kiganja. Akafungua pindo, akalitoa lile jiwe dogo, akaliweka juu ya mgongo wa mbuni. Akamtazama Bwana Kurti usoni, na kwa lile neno alilolisikia kila asubuhi, na mengine machache aliyookota barazani, kwa kinywa chake mwenyewe, akasema:

"Nataka. Nataka jiwe la mama."