Msalaba Ulioandikishwa Ofisini

Nimepiga vanishi Mombasa, Kisumu na Kampala, lakini sijaona fundi anayeogopa sheria kama Ondiek wa Gikomba. Ilipotangazwa tenda ya madawati mia nane ya shule, alizisoma karatasi zote, hata ule ukurasa wa mwisho ambao wenzake waliufungia njugu. Ulisema anayeomba kazi asimpe ofisa zawadi yoyote, kubwa wala ndogo, mpaka tenda iamuliwe. Ondiek akaupigilia msumari ukutani, juu ya benchi.

Aliitaka tenda hiyo kwa roho yake yote. Mashine yake ya kupiga randa iliungua mwaka jana pamoja na banda, na tangu hapo tunalainisha mbao kwa mkono. Majeneza mawili kwa wiki, tukibahatika.

Siku moja, tenda bado haijaamuliwa, akaja Bwana Amolo, mkubwa wa kamati yenyewe. Baba yake alikuwa amefariki.

"Omera, ndugu yangu, unanipunguzia ngapi? Huyu ni mzee wetu sote."

"Pole sana, ndugu yangu. Sipunguzi hata shilingi." Ondiek akaonyesha ukuta kwa kidole. "Nikipunguza, nimekuhonga."

Amolo akausoma ule ukurasa kama mtu anayesoma lugha ya ng'ambo. Akalipa, akaandikiwa risiti.

Tulipokuwa tunapakia, Ondiek akachukua msalaba, akachonga jina la marehemu, akaulaza juu ya jeneza. Hakuulizwa, hakusema. Kwake jeneza hutoka na msalaba kama sufuria inavyotoka na kifuniko chake. Tangu lini mtu akauziwa msalaba?

Mimi nilipanda lori kulishikilia jeneza hadi kwao, kwa hiyo ya huko nilijionea. Thuo alikuwepo. Thuo naye aliomba tenda ya madawati, na hana hata nyundo. Ana mkoba na mihuri mitatu. Alileta fahali wawili, mahema na spika. Lakini Amolo mwenyewe hakupewa hata kiberiti! Vyote alivikabidhi kwa kamati ya mazishi. Na mwenyekiti wa kamati ya mazishi ni nani? Mdogo wake Amolo. Fahali walichinjwa bomani kwa Amolo, nyama ikaliwa mezani kwa Amolo, na kisheria Amolo alibaki na njaa.

Baada ya wiki mbili barua ikaja. Ombi la Ondiek limetupwa kwa sababu alimpa ofisa zawadi: "msalaba mmoja, wa mbao, wenye maandishi." Amolo aliuandikisha kwa mkono wake katika daftari la zawadi, ili aonekane mtu safi. Tenda akapewa Thuo.

Ondiek akakaa juu ya jeneza ambalo halijakauka vanishi.

"Ungempa ng'ombe," nikamwambia.

Hakucheka. Alisimama, akausoma tena ule ukurasa mpaka mstari wa chini kabisa, akaung'oa. "Mzee, vaa koti. Twende."

Ofisini tulimkuta Shirleen, msichana anayetunza lile daftari. Ondiek akaweka ukurasa mezani.

"Dada, hapa panasema zawadi iliyoandikishwa irudishwe kwa mwenyewe ndani ya siku thelathini. Naomba msalaba wangu."

Shirleen akasoma, akafunika mdomo, akaingia ndani. Mlango haukufungwa vizuri, tukamsikia Amolo.

"Mwambie uko kaburini!"

"Mkubwa, ni wewe uliyeandika. Msalaba usiporudi, itakuwa umeula."

Msalaba ulifika kwa basi la vifurushi, umefungwa gunia, udongo wa kaburi bado umeung'ang'ania mguuni. Ondiek hakuuosha. Aliutundika mbele ya banda, jina likitazama barabara.

"Fundi, nani amekufa?" wasukuma mikokoteni wakauliza.

"Aliyekufa ni baba," nikawajibu mimi. "Anayenuka ni mwana."

Jumamosi Amolo akaja bila tai.

"Niuzie. Taja bei yoyote."

"Siuzi misalaba, Bwana Amolo. Sijawahi."

"Ondiek, kaburi limebaki bila msalaba. Mama haongei na mimi."

Ondiek akauteremsha msalaba, akachukua kitambaa changu cha vanishi, akapangusa jina, herufi moja moja.

"Tenda imeshaamuliwa?"

"Imeshaamuliwa."

"Kabisa?"

"Kabisa."

"Basi sasa sheria inaniruhusu. Chukua. Ni zawadi."

Amolo akaupokea kwa mikono miwili, akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Soko zima lilikuwa limesimama. "Angalau niandikie risiti," akanong'ona.

"Risiti ya zawadi?" Ondiek akashika randa. "Daftari unalo wewe. Nenda ukaandikishe."

Amolo akaulaza kwenye buti ya gari, mguu ukabaki umetokeza nje. Sisi tukaendelea na mbao. Kwa mkono.