Pua ya Mjomba

Mjomba wangu hakuwahi kuupenda mvinyo mwekundu wa Bordeaux, kule Ufaransa, wa mtindo huu wa kisasa. Zabibu zimeachwa ziive kupita kiasi, alikuwa akisema, zikatiwa kwenye pipa jipya la mwaloni zipate kunukia vanila na kahawa, zikalainishwa mpaka kibogoyo naye ajione ana meno. Ule wa zamani ulisubiriwa miaka. Huu hufunguliwa leo ukanywewa leo. Aliuita bibi harusi wa poda, nasi dukani tukacheka. Wafanyabiashara wote wa mvinyo walimjua kwa jina la Pua, na mimi, mtoto wa dada yake, ndiye aliyenifundisha kazi.

Kwa hiyo asubuhi ile alipoonja chupa ya kwanza ya aina hiyo na kuisifia, nilishtuka.

Tulikuwa kwenye chumba cha kuonjea, nyuma ya duka. Kina kitambaa cheupe mezani, ndoo za kutemea mvinyo ukishaonjwa na taa kali, na ukijipaka marashi huingii. Sheria ni za Mjomba mwenyewe: hakuna wa kufungua mdomo kabla yeye hajatema, na mbele ya muuzaji hatupingani. Nikiukataa mvinyo, nasogeza glasi yangu ukingoni mwa meza, naye anaelewa.

Muuzaji alikuwa bwana mmoja wa koti la kubana na maneno matamu. Akamimina, nami nikamsikiliza Mjomba. Mzito, akasema. Laini. Una utamu kidogo mwanzoni, halafu unapasha kifua joto. Rangi imekoza. Nilingoja aseme unanukia nini, kwa sababu akianza habari za harufu huwa hanyamazi mpaka tunachoka. Hakusema. Ndipo nilipokumbuka kwamba tangu ile homa iliyomlaza, sijamsikia akitaja harufu hata moja.

Chupa ya pili ilipofunguliwa, harufu ilinifikia kabla sijainua glasi: boksi lililolowa likasahaulika stoo. Kizibo kilikuwa kimeuharibu mvinyo, na hilo hata aliyeanza kazi jana analijua. Muuzaji naye aliisikia. Mkono wake ulibaki hewani na chupa, akafungua mdomo aombe radhi. Lakini Mjomba alikuwa ameshaonja, ameshatema, anatabasamu.

"Huu ndio wenyewe," akasema.

Muuzaji akafunga mdomo. Akamtazama Mjomba taratibu, kama mtu anayeikagua nyumba ambayo mwenyewe amesafiri. Kisha akafungua chupa nyingine ya shamba lile lile, nayo ikanuka vilevile. Nikasogeza glasi yangu ukingoni. Nikaisogeza tena mpaka nusu ya kitako ikawa nje ya meza. Mjomba aliiona. Akageuza uso, akaagiza shehena yote.

Ningesema nini mbele ya yule bwana? Ningemvua nguo mjomba wangu. Wauzaji wote wangepata habari kabla ya jua kuzama, na kila uozo wa maghala yao ungeishia kwetu. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia pia. Nikajiambia nitamweleza kwa upole, siku nyingine. Muuzaji alipoaga alimpa Mjomba mikono miwili na kuahidi kurudi na mingine mingi ya aina hiyo.

Nilimsindikiza mpaka mlangoni, nikamwona kando ya gari lake akiongea na simu na kucheka. Mjomba alikuwa ameingia jikoni kuchemsha maji ya kusuuzia glasi. Za kwetu hazioshwi kwa sabuni, maana sabuni huacha harufu, na kazi hiyo hamwachii mtu yeyote.

Niliporudi, gesi ilinipokea koridoni. Ilinikaba koo. Nikakimbia. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa, kama anavyotaka siku za kuonja, harufu za mtaani zisiingie. Mjomba ameinama mbele ya jiko, swichi imefunguliwa mpaka mwisho, kiberiti mkononi.

"Njiti ya kwanza haikushika," akasema bila kugeuka. "Nimeenda kuleta glasi, narudi nakuta birika la baridi."

Akatoa njiti nyingine.

Nilimkamata mkono kwa nguvu mpaka njiti zikamwagika sakafuni. Nikafunga gesi, nikafungua dirisha, nikamvuta hadi uani. Sijawahi kumshika Mjomba namna ile. Hakuniuliza nimepatwa na wazimu gani. Aliutazama mkono wangu, uliokuwa bado umemng'ang'ania.

"Mjomba, wewe husikii harufu."

"Tangu homa," akasema. "Glasi yako niliiona, mwanangu. Nilijua kuna kitu. Nikaona haya kukuuliza mbele ya yule."

Nililia kwa hasira, na kwa woga ambao ndiyo kwanza ulikuwa unanifika. Nikamwambia tungekufa wote wawili. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akageukia mlango wa jikoni uliokuwa wazi, akavuta pumzi kwa nguvu, macho ameyafumba, kama alivyokuwa akifanya juu ya glasi. Akavuta tena.

"Bado ipo?" akaniuliza.

"Bado."

Akarudi nyuma hatua moja, akasimama uani mikono imelegea, akingoja nimwambie lini anaweza kuingia ndani ya duka lake.