Daftari la Vipande

Darasani, katika chuo cha ushonaji, walimwita Mkasi. Mikono yake ilikuwa hodari kwa kukata kitambaa, ila ulimi wake ulikuwa hodari zaidi. Mwenzake akipinda pindo vibaya, Mkasi ndiye wa kwanza kusema, tena kwa sauti, tena mwalimu akiwepo.

Ujuzi wake haukutoka chuoni peke yake. Shangazi yake, dada wa pekee wa baba, alikuwa na mwaka wa tisa ng'ambo, katika karakana ya nyumba kubwa ya mitindo. Kila barua yake ilikuja na kipande cha kitambaa kwenye mkunjo wa karatasi: hariri, lesi, mahameli, kisichozidi kiganja. "Kiguse ukiwa umefumba macho," aliandika. "Macho hudanganywa na rangi." Mkasi alivishona vyote kwenye daftari moja gumu, na chini ya kila kimoja akaandika tarehe kilipofika. Baba naye hakumwacha mgeni anywe chai kwa amani. Dada yake, alisema, ndiye mkono wa kulia wa bwana mwenye nyumba ile ya mitindo. Pale haikatwi nguo asipokuwepo.

Chuo kilipochagua wanafunzi kumi na wawili wa ziara ya mafunzo katika mji ule wa ng'ambo, kwenye karakana ileile, Mkasi akawamo. Alimpigia shangazi simu huku akirukaruka.

Shangazi alishusha sauti. "Njoo Jumapili nyumbani kwangu, mwanangu, nitakupokea kwa mikono miwili. Lakini karakanani ukiniona, usinisalimie."

"Shangazi naye! Unanionea haya?"

"Nisikilize tu mimi mkubwa wako. Na usiseme kwamba una mtu pale."

Mkasi alicheka, akaahidi, akasahau.

Karakana ilikuwa ghorofa ya tatu, chumba kirefu chenye madirisha makubwa na harufu ya mvuke wa pasi. Wanawake wenye makoti meupe walikuwa wameinama mezani, hakuna aliyeinua uso. Msimamizi, mama mwembamba aliyevaa kimto cha pini mkononi kama saa, aliwapitisha wageni meza kwa meza. Aliongea polepole ile lugha ya kigeni waliyoisoma shuleni, ili wamwelewe.

Shangazi alikuwa meza ya mwisho, kando ya gunia la mabaki. Hakuwa akikata chochote. Alikuwa akifumua: mbele yake gauni lililokosewa na wengine, naye anachomoa uzi mmoja mmoja kwa kiwembe.

Mkasi alihisi uso unamchoma. Wenzake walikuwa wamezisikia sifa za shangazi huyu tangu mwaka wa kwanza. Akageuka upesi, wasije wakafuata macho yake.

Msimamizi alifunua kitambaa cha kijivu kilichokuwa chini ya shuka. "Hiki hakijaonwa na mtu wa nje. Nani atanieleza kimefumwaje?"

Mmoja akasema pamba, mwingine akasema sufu. Msimamizi akatabasamu kama mtu anayewahurumia.

"Ni hariri na kitani," Mkasi alisema. "Nyuzi tatu za hariri, mmoja wa kitani. Ndiyo maana kinameta halafu kinakwaruza."

"Umejuaje, na hujakigusa?"

"Ninacho." Akafungua mkoba, akatoa daftari.

Msimamizi alimvutia kiti chake mwenyewe, akamkalisha. Alifungua ukurasa baada ya ukurasa, taratibu, akisifu kila kipande. "Kizuri hiki. Ulikipata lini?" Mkasi akasoma tarehe. "Na hiki?" Akasoma. "Na lesi hii, mwezi mmoja kabla hatujaionyesha! Una bahati wewe." Mkasi alijibu huku kichwa kinamvimba; wenzake walikuwa wamemzunguka, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyekuwa na la kumpinga. Kule mwisho shangazi aliinua uso, akatikisa kichwa mara moja. Mkasi alimwona. Alidhani ni kijicho.

"Na nani anakutumia?"

Wanawake wa mezani waliinua nyuso. Hapo ndipo Mkasi alipoelewa alichokuwa akikisoma kwa sauti muda wote ule.

Msimamizi hakubadilisha sauti. "Kila mwaka tunachukua mwanagenzi mmoja. Jicho kama lako sijaliona siku nyingi. Ila simchukui mtu anayenificha."

Angeweza kusema ameviokota. Angeweza kumtaja mtu aliyekwisha kufa. Uongo wa kila rangi ulikuwa tayari mdomoni.

"Yule," alisema, akanyoosha kidole.

"Ni nani wako?"

"Jirani tu wa nyumbani."

Shangazi alisimama kabla hajaitwa. Walimvua koti, wakageuza mifuko nje. Kisha msimamizi akapiga goti, akafumua pindo la sketi ya shangazi duara zima, mbele ya wanafunzi kumi na wawili, kutafuta kilichofichwa. Hakikupatikana kitu. Mwanafunzi mmoja alicheka kwa woga.

"Ni vya kuchomwa moto," shangazi alisema kwa lugha ya nyumbani, akimtazama Mkasi peke yake. "Kila Ijumaa vinachomwa ili watu wasiige. Nilikuwa nachopoa kimoja. Kimoja tu, mwanangu, upate kusoma."

Mkasi alifumbua mdomo. Mwalimu aliyewaongoza safarini akamkamata kiwiko. "Nyamaza. Usitufungie mlango hapa."

Msimamizi alimpa Mkasi mkasi mdogo, akasogeza gunia miguuni pake. "Vitoe mwenyewe. Wewe ndiye unayejua jinsi vilivyoshonwa."

Alivitoa vyote. Alikata mishono kwa ustadi ule ule wa darasani, na hilo ndilo lililomsumbua baadaye kuliko yote. Alipomaliza, shangazi alikuwa ameshateremka ngazi, pindo likiburuzika nyuma yake.

Jumapili alikwenda nyumbani kwa shangazi, kule alikoelekezwa. Alibisha hodi mara nyingi. Alisikia kiti kikisogezwa ndani, kisha nyayo zikaja hadi mlangoni, zikasimama. Mlango haukufunguliwa.

Aliporudi kwao, baba alimlaki kwa swali moja. "Dada yangu umemwachaje?"

Njia nzima alikuwa ameandaa maneno ya kuungama. Yaliyotoka yalikuwa mengine.

"Baba, naona haya hata kusema. Amefukuzwa kazi kwa wizi. Mbele ya macho yangu."

Baba aliketi. Akauliza kama wanafunzi wengine waliona. Mkasi akasema waliona wote. "Basi jina lake lisitajwe humu ndani," baba alisema, na tangu hapo hakumtaja.

Barua ya kumwita Mkasi uanagenzini ilifika baada ya miezi miwili. Baba alimsomea kila aliyeingia, akirudia pale palipoandikwa "jicho la pekee". Wiki ile ile simu kutoka kwa shangazi iliita mara tatu. Baba alikuwa bafuni, mama yuko jikoni. Mkasi, aliyekuwa akipanga nguo za safari pale pale kando ya simu, aliiacha iite mpaka ikachoka.