Wimbo wa Mwali Kwenye Gari la Sabuni

Mjukuu wangu Neema alikuwa amebakiza siku tatu atolewe ndani. Kwetu Masanze mwali hutolewa kwa wimbo mmoja, na hausikii mpaka asubuhi ile anapovuka kizingiti. Wala hauimbwi mbele ya wanaume.

Nilikuwa napepeta mchele uani wakati gari la matangazo lilipoingia kutoka Kilosa mjini, limebeba vipaza sauti vinne. Nikasikia sauti yangu mwenyewe. Nilidhani homa imenipanda. Sauti yangu, ya Hildegarda, ya mwenzetu Agnesi, wimbo wa mwali, chini yake ngoma ya mashine, kisha mtu anapayuka, "Sabuni mpya! Povu tele, bei ya kutupa!"

Nikautupa ungo. Ndani nilimkuta mdogo wangu Hildegarda amemkumbatia Neema, kamziba masikio kwa viganja vyote viwili, na yeye mwenyewe analia. Wema ule sitausahau.

Sauti ile ilitoka kwenye kaseti niliyoitoa mimi. Mwaka uliotangulia binti yangu Devota alilazwa hospitali Mikumi na mguu uliovunjika, akakosa kumtoa mwali wa dada yake. Tukajifungia, tukaimba mbele ya redio kaseti ikirekodi, tukampelekea ili naye awe nasi. Utepe ulipojisokota, akaupeleka kwa fundi mmoja pale barabarani. Fundi aliunyoosha kwa subira, hata malipo akakataa. Tukambariki. Kumbe ameunakili, akawapa watu wa sabuni.

Nikasimama katikati ya njia. Mpiga mbiu akachungulia dirishani.

"Shikamoo bibi. Tupishe, tuna vijiji vitano leo."

"Marahaba. Zima."

"Bibi, siku hizi biashara huria. Huo wimbo wa asili, hauna mwenyewe."

"Umeuokota wapi? Anayeimba hapo ni mimi!"

Akacheka. "Basi wewe ni staa! Mjini wanaucheza disko."

"Mama yako alitolewa kwa wimbo gani? Kamlete auchezee hapa, mbele ya wanaume hawa."

Kicheko kikamwisha. Dereva wake, mtu mzima aitwaye Kornelio, akazima bila kuambiwa tena. Akashuka, akanipa kaseti kwa mikono miwili.

"Nisamehe, mama. Ila zipo nyingine Morogoro. Na redioni tangazo linaanza Jumatatu."

Nilirudi ndani na kaseti mkononi, kama mtu aliyepewa jani moja la mti uliokatwa.

"Umesikia?" nilimwuliza Neema.

"Kidogo, bibi."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka sabuni."

Hildegarda alicheka huku machozi yakimtoka. Mimi sikuweza. Jioni ile watoto kisimani walikuwa wanauimba wote, na jina la sabuni mahali pa jina la mwali.

"Tuuimbe tu," Agnesi alisema. "Nani atajua?"

"Neema atajua. Ameshausikia na sabuni."

Siku ya tatu tulimtoa kwa makofi na vishindo vya miguu. Alikuwa amependeza, shanga za mama yake shingoni. Alipofika kizingitini alisimama, akatutazama midomo, mmoja baada ya mwingine, anangoja wimbo. Nilikaza makofi mpaka viganja vikawaka. Mdomo wangu sikuufungua.