Malaika wa Macho Wazi

Kila aliyenunua mapambo ya Krismasi ya Mama Malaika alikuwa na maelezo yake kuhusu yale macho. Malaika wake wote, tangu wale wa kwanza kabisa, walikuwa wamefumba. Padri alisema wanasali. Mwalimu wa kwaya akasema hapana, wanasikiliza wimbo. Mwenye duka, mwanamke mchangamfu aliyechukua mzigo wote kila mwaka na kwenda kuuuza, aliwaambia wateja kwamba hiyo ni haya ya mbinguni, na wateja wakaitikia kwa vichwa kwa heshima. Mama Malaika mwenyewe alikuwa anatabasamu tu kama mtu aliyeficha jambo kubwa. Jambo lilikuwepo kweli, ila ukubwa halikuwa nao. Mama huyu hakujua kuchora jicho lililo wazi. Kila alipojaribu lilitoka kama la samaki aliyekaa sokoni tangu juzi, basi akaamua kuyafumba yote, akawaachia watu kazi ya kutafuta maana.

Aliyelijua hilo alikuwa mmoja, bintiye wa mwisho, ambaye nyumbani walimwita Kitinda. Ndugu zake walishaoa na kuolewa, wakaenda zao. Yeye akabaki na mama na kile chumba cha mbele kinachonuka thina ya kuyeyushia rangi mwaka mzima, mipira ya mbao wanakochorwa malaika ikining'inia kwenye kamba toka ukuta hadi ukuta, hata mgeni akiingia lazima ainame. Kusugua mbao kwa msasa ilikuwa kazi ya Kitinda. Kupaka rangi ya chini, kazi yake. Kuchora mabawa, kupaka vanishi, kufunga utepe, yote kazi yake. Uso tu ndio ulikuwa wa mama. Na mgeni akija, mama alimtambulisha hivi: "Huyu ananisaidia saidia." Saidia saidia! Mtu anasugua mbao mpaka ngozi ya vidole inalainika kama ya mtoto mchanga, halafu anatajwa kama mpita njia aliyeombwa kushika ngazi.

Tena hata huo uso haukuwa wa mama siku hizi. Mkono wake ulianza kutetemeka. Mwanzoni walisema ni uchovu, baadaye wakasema ni baridi, mwishowe wakaacha kusema. Siku moja mama akamsukumia binti yake brashi nyembamba bila kumtazama. "Malizia huyu," alisema, "kichwa kinanigonga." Kichwa hicho hakijapona mpaka leo. Tangu hapo Kitinda ndiye aliyechora nyuso zote, na mama akawa anakaa pembeni ya dirisha akiwa ameshika brashi kavu, ili mtu akibisha hodi ghafla amkute kazini.

Kitinda hakuwa na makuu. Hakutaka kuhama wala kufungua duka lake. Alitaka jambo moja tu: siku moja mwenye duka akiwa amesimama pale katikati ya mipira, mama aseme, "Hii ni kazi ya mwanangu." Maneno manne hivi au matano, hayamalizi pumzi ya mtu. Aliyasubiri kwa hamu kiasi kwamba wakati mwingine, akiwa anasugua mbao, aliyasema mwenyewe kwa sauti ya mama, na kisha akajionea haya.

Mwaka huu uvumilivu ulimwishia, akawafumbua malaika macho. Alianza na malaika mmoja, kujaribu tu. Akamchora mboni, akamtia doa dogo jeupe la mwanga, akamtundika na kurudi nyuma kumtazama. Malaika naye akamtazama. Ilikuwa mara ya kwanza katika chumba kile kutazamwa hivyo, na Kitinda akajikuta anacheka peke yake. Basi akawafumbua wote waliobaki.

Mama alipowaona, alizunguka chumba kizima, akiinua huyu, akimgeuza yule.

"Nani kakuambia uwaamshe?"

"Mama, si wamelala vya kutosha jamani?"

"Watu wanawajua hivyo hivyo walivyo."

"Hawawajui, mama. Wamewazoea tu."

Mama akanuna. Kununa kwake kulikuwa kwa daraja la juu, hata maji ya kunywa alijimiminia mwenyewe ili asiombe.

Mwenye duka alipita kuangalia kazi imefikia wapi. Aliinama chini ya kamba ya kwanza, akainuka, akashika kifua. "Mungu wangu! Huyu ananiangalia! Mama, njoo uone, huyu ananiangalia kabisa!" Akaenda huku na huku akipiga kelele kama amekuta ndugu waliopotea. "Mama, mkono wako umezaliwa upya. Miaka yote hii ulikuwa unatuficha hivi vitu?"

Kitinda alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai ya mgeni. Ndiyo hii, alijiambia. Leo hana pa kupita.

"Ni neema tu, mwanangu," mama alimjibu mwenye duka.

Chai ilimwagika kidogo kwenye kisahani. Hakuna aliyeona.

"Sasa sikiliza," mwenye duka akaendelea, akivuta kiti. "Nataka uje dukani. Nikuwekee meza pale mbele, uchore wateja wakiona. Waone jicho linavyofumbuka. Watajaa mpaka nje."

Hapo uso wa mama ukabadilika rangi. Kitinda aliliona hilo, na sitamtetea: alifurahi. Alimwona mama yake akitazama ule mkono wake uliolala mapajani, kisha akauficha chini ya kanga kana kwamba umefanya kosa. Mwenye duka, ambaye huona anachotaka kuuza tu, aliaga akiahidi kuja kuchukua mzigo vanishi ikikauka.

Sasa, vanishi. Nyumba ile ilikuwa na sheria yake, tena mama ndiye aliyeitunga: mpira haushikwi kuangaliwa kama umekauka. Kidole kikigusa kinaacha alama, na hata kisipoacha kinadanganya, maana vanishi hukauka juu ikawa bado mbichi ndani. Mpira hunuswa. Unasogeza pua karibu, ukipata ule ukali wa harufu hata kidogo, unauacha. Kitinda alijifunza kunusa kabla hajajifunza kusoma. Na ole wake atakayepaka rangi juu ya vanishi mbichi, kwa sababu thina ya kwenye rangi inaipenya na kuila, na kazi yote inaharibika mbele ya macho yake.

Siku ya mzigo Kitinda alitoka asubuhi kwenda kununua maboksi na utepe. Alimwambia mama waziwazi kwamba mipira bado mibichi, asiiguse, wataifunga jioni. Mama akasema amesikia.

Alichelewa kwa sababu ya utepe, rangi aliyoitaka haikuwepo. Aliporudi, ukali wa vanishi ulimpokea nje, kabla hajafungua mlango. Ndani, mama alikuwa amesimama chini ya kamba ya mwisho, brashi nyembamba mkononi, akiwa ameung'ang'ania mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto ili usicheze. Alikuwa anamfumba malaika wa mwisho.

Wote walikuwa wamefumbwa. Kope zilikwenda upande, nyingine zimeshuka mpaka shavuni. Na hilo lilikuwa dogo. Wale aliowaanza asubuhi walikuwa wameshaanza kujikunja uso mzima, ngozi imejikusanya kama utando wa maziwa yaliyochemka, pua zimeingia ndani ya midomo.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimewarudisha walivyokuwa."

"Si nilikuambia bado wabichi!"

"Nilinusa," mama alisema. "Nilimnusa kila mmoja. Hawana harufu."

Chumba kilinuka hata macho ya Kitinda yalikuwa yanatoa machozi, na mama yake alisimama katikati ya ukali huo akisema hakuna harufu. Thina ya miaka yote ilishamla pua, na mwenyewe hakujua. Kitinda akamhurumia, huruma ya kweli. Angekuwa amepata muda kidogo pengine angemkumbatia, na hasira ingeisha hapo. Lakini gari lilikuwa limeshasimama nje, na mwenye duka hana kawaida ya kubisha hodi mara mbili.

Aliingia anacheka, akainama chini ya kamba, akainuka. Kicheko kikakatika.

"Huu ni uchafu gani?" Alimshika malaika mmoja kwa ncha za vidole, na uso ukabaki kwenye vidole vyake. "Kafanya nani hivi?"

Mama akaiweka brashi mezani, polepole. Alimtazama mwenye duka usoni, sauti yake ikatulia kabisa.

"Hii ni kazi ya mwanangu," alisema.

Kitinda aliyasikia moja moja. Yalikuwa yale yale, hata mpangilio haukupungua neno. Maboksi bado yalikuwa mikononi mwake.

"Nilijua!" alisema mwenye duka. "Mkono wako mimi nitaukosea? Pole sana mama." Kisha akamgeukia Kitinda, na kwa upole, jambo lililokuwa baya zaidi kuliko matusi, akamwambia, "Mdogo wangu, si lazima kila mtu achore. Wewe kusugua unaweza. Shika hicho hicho."

"Ndiyo maana siwezi kuja huko dukani," mama aliongeza haraka. "Nikimwacha na mipira peke yake, si unaona mwenyewe?"

Mwenye duka akaona. Akawapa muda mpaka karibu na sikukuu, akaondoka.

Kitinda aliyatupa maboksi chini. "Mama!"

"Ulitaka niseme nini?" Mama alikuwa ameketi, mikono yote miwili chini ya kanga. "Mimi nina jina."

"Na mimi nina nini?"

"Wewe una mimi."

Kesho yake Kitinda alichukua kisu akawakwangua, akasugua, akapaka rangi ya chini, akachora upya. Mama alikaa dirishani na brashi yake kavu. "Wafumbe," alisema mara moja tu, na Kitinda akawafumba. Akawafumba vizuri kuliko mama alivyowahi kuwafumba siku za nguvu zake, kila kope imelala mahali pake. Akanusa yeye mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, akafunga maboksi.

"Hapo sasa!" alisema mwenye duka aliporudi. "Mkono wa mwenyewe huu. Haufichiki."

"Asante, mwanangu," alisema mama.

Kitinda alibeba maboksi mpaka kwenye gari. Mwenye duka alipomaliza kuyapanga alimshika bega, akasogeza uso karibu kama dada anayetoa siri.

"Usikasirike na yale niliyokuambia. Mtazame mama yako akichora. Mtazame vizuri, maana hatakuwepo siku zote."

"Ndiyo, dada," alisema Kitinda. "Ninamtazama."