Papa Aliyependwa na Mwanangu

Hivi wewe umewahi kufua kitambaa ambacho maji yake ya kwanza hayaruhusiwi kumwagwa mferejini? Mimi nimefua vya namna hiyo miaka thelathini na minane. Ni kile kitambaa cheupe cha mraba kinachotandikwa altareni, chini ya kikombe na hostia, ule mkate wa Misa. Huenda kimebaki na chembe ya Mwili wa Bwana, kwa hiyo unakiloweka kwanza kwenye beseni lake peke yake, beseni ambalo halijawahi kuona soksi. Maji yale unayamwaga kwenye udongo safi, mahali watu hawakanyagi. Baada ya hapo ndipo unatia sabuni, halafu unakipiga pasi kikiwa bado kina unyevu kidogo na kukikunja mpaka kitoke na miraba tisa.

Aliyenifundisha ni mume wangu, Mzee, ambaye alikuwa mtunza sakristia wa parokia yetu tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Alikuwa anawasha mishumaa, anapanga mavazi ya padri, na kila Jumapili saa kumi na mbili asubuhi anaitikia Misa ya Kilatini katika kikanisa cha pembeni. Tulikuwa watu kumi na saba, tukizidi sana ishirini. Mimi Kilatini chenyewe sikijui, niliishia darasa la saba, lakini nilijua wapi pa kupiga magoti.

Halafu akaja Papa huyu.

Kila mtu alimpenda. Kinyozi wa mtaani kwetu, asiyejua hata mlango wa kanisa umeelekea wapi, alimpenda. Mwuza magazeti alimpenda. Daktari aliyemtibu mwanangu, ambaye mwenyewe husema haamini asichokiona kwenye eksirei, aliniambia, "Mama, huyu Papa wenu safi sana." Nikamshukuru. Ungejibu nini?

Mwaka wake wa pili barua ikashuka kutoka Roma, Askofu akaisoma, na Misa yetu ya alfajiri ikafungwa. Mzee alizirudisha funguo za kikanisa kwa paroko, kijana wa juzijuzi tu. Paroko mwenyewe si mtu mbaya. Siku hiyo hiyo aliniambia, "Bibi, na wewe usijitese. Vile vitambaa vitie tu kwenye mashine. Baba Mtakatifu anataka mambo mepesi." Nikamwambia, "Sawa, Baba." Nikaenda nyumbani, nikavifua vilevile kama zamani. Ndivyo nilivyo mimi, sibishani na mtu. Nasubiri.

Mwanangu wa kwanza alikuwa fundi wa redio na simu. Alimwacha mke wa ndoa ya kanisani akaishi na mwingine, na huyo mwingine naye akaondoka ugonjwa ulipoanza. Miaka kumi na mbili hakuungama, hakupokea Komunyo. Ini lilipomwangusha tukamleta kwetu, tukamtandikia sebuleni karibu na dirisha, kwa kuwa chumba cha ndani hakina hewa. Alikuja na mfuko mmoja wa nguo, bisibisi kumi na moja zilizofungwa kwa mpira, na picha ya Papa aliyoikata gazetini. Akaniomba niibandike ukutani juu ya kichwa chake.

Nilijisemea, ameanza kurudi huyu.

Mzee alipoingia akaiona picha, akasimama katikati ya sebule.

"Na huyu naye kaja kulala hapa?"

"Baba, mwache mgeni wangu," mwanangu akasema.

"Kanifungia Misa, sasa ananifuata hadi sebuleni."

"Wewe Baba shida yako unataka kuwa Mkatoliki kuliko Papa."

"Kwa Papa huyu wala si kazi."

Tulicheka wote watatu. Mwanangu alicheka hadi akalishika tumbo lake, maana lilikuwa limejaa maji na kucheka kulimuuma.

Siku zile Papa alikuwa amewaambia waandishi wa habari kwamba mlango wa Mungu hauna komeo. Maneno hayo yalisemwa redioni asubuhi na jioni, na watu waliyaandika mpaka kwenye fulana. Asubuhi moja nilikuwa namsugua mwanangu miguu, imevimba ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Nikamzungukia kwa mbali.

"Paroko huwa anatembelea wagonjwa Alhamisi."

"Anafanya vizuri."

"Nilikuwa nasema tu."

"Mama." Akatabasamu. "Nakujua. Sikiliza, huyu Papa ndiye wa kwanza kunifanya nisiogope. Kama mlango hauna komeo, padri anakuja kunifungulia nini?"

Mzee alikuwa mezani anasafisha miwani yake. "Mlango usio na komeo nao unaingiwa kwa miguu," akasema. "Haukufuati kitandani."

"Basi Mungu atanibeba."

"Mwambie Papa wako akubebe!"

"Mzee, jamani," nikasema. Akanyanyuka akaja jikoni, nami nikamfuata. Huko akaniambia kwa sauti ya chini, "Unaona sasa? Wanampenda kwa sababu hawadai kitu. Dunia nzima inampigia makofi, na viti vya kanisani vitupu. Mtu aende kufanya nini, kama ameshaambiwa alipo panatosha?"

"Si umwambie mwanao."

"Mimi nikifungua mdomo anasikia makelele. Wewe ndiye anayekusikiliza. Sema wewe."

"Nitasema. Siku yake bado."

Na hapo ndipo nilipojiona mjanja. Jumatatu nilikwenda sakristia kupeleka vitambaa, nikamwomba paroko aje kwetu kama mgeni tu. Asivae kanzu. Asitaje kitubio wala mafuta ya wagonjwa. Amzoee mwanangu kwanza, na mengine yatafuata. Paroko akafurahi sana, akasema hivyo ndivyo Baba Mtakatifu anavyotaka mapadri wawe.

Alikuja Jumatano alasiri na jezi ya mpira. Mimi nilikuwa nimeandaa meza ndogo kama Mzee alivyonifundisha kwa mgonjwa: msalaba, mishumaa miwili, maji, pamba ya kupangusia mafuta. Juu nikafunika kitambaa, ili mwanangu asishtuke. Nikakaa pembeni, macho kwenye ile meza. Wao wakazungumza habari za timu. Wakazungumza habari za simu ya paroko, maana spika yake ilikuwa inakoroma. Mwanangu akaomba bisibisi ndogo kuliko zote, akaifungua simu juu ya kifua chake, akatoa vumbi kwa ncha ya mswaki, akairudisha. Mikono ilimtetemeka lakini aliiweza. Simu ikatoa sauti safi, wakagongeana viganja kama watoto. Sikuwa nimemwona na furaha hivyo tangu aje.

Kisha paroko akaangalia saa, akaaga, akatoka.

Nilimkimbilia hadi getini. "Baba, mbona hukumwambia kitu?"

"Si wewe, Bibi, uliniambia nisitaje?"

"Nilisema kwa kuanzia."

"Hajaomba. Mimi siwezi kumsukuma mtu. Siku akiomba niite saa yoyote, nitakuja mbio." Akanishika bega. "Ana amani huyu. Nimeiona kwa macho yangu."

Nilirudi ndani. Mwanangu akaniambia, "Mama, unaona padri wa siku hizi? Amekaa saa nzima hajaniambia hata neno moja la dhambi." Alisema kwa kumsifu. Mimi nikaiondoa ile meza bila kuifunua, kitu kimoja kimoja.

Usiniulize kwa nini sikusema Alhamisi. Alhamisi alikula vijiko sita vya uji, nikaona nisimharibie. Ijumaa macho yalikuwa ya njano kabisa na akawa analala katikati ya sentensi. Daktari alikuja, akampima, akanivuta kando. "Sumu imeanza kupanda kichwani. Ataanza kuchanganya mambo. Mwenye la kumwambia amwambie akiwa bado anaelewa."

Jumamosi asubuhi Mzee alivaa viatu vyake vya kanisani.

"Unakwenda wapi?"

"Kumleta paroko."

"Wewe?"

"Aje hata na jezi yake. Padri ni padri." Alifika mlangoni akageuka. "Lakini nikimleta na mwenyewe hataki, atarudi na mafuta yake. Hawezi kumwungamisha mtu asiyetaka. Unajua?"

"Najua."

"Basi."

Nikabaki na mwanangu. Nikavuta kigoda hadi kichwani kwake. Jua lilikuwa linaingia dirishani, nikasogeza pazia lisimpige usoni. Nikamlowesha midomo kwa pamba. Nikakunja shuka. Nikaona hata pa kufuta hapakuwa na vumbi tena, na barabarani sikusikia bado viatu vya Mzee. Nikamshika mkono, nikamwita.

Akafungua macho. Alinitazama kwa upole, ule upole aliokuwa nao kwa wateja wa dukani kwake.

"Simu yako bado, mama," akasema. "Njoo kesho."

"Ni mimi, mwanangu. Mama yako."

"Kesho mchana itakuwa tayari."

Macho yakaanza kufumba. Neno likanitoka lenyewe, kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia katika nyumba ile.

"Usilale! Nisikilize. Nataka uungame. Nimelitaka hili miaka kumi na mbili, nikawa nakuletea uji badala ya kulisema. Huyo Papa anakupenda, sawa, lakini hakukuzaa, na hatakutafuta kule mbinguni. Mimi nitakutafuta. Naogopa nitazunguka nisikuone. Padri yuko njiani na baba yako. Mwambie ndiyo, mwanangu. Mwambie ndiyo hata kwa kumbana kidole."