Meno ya Refa

Katika nyumba ile likizo ndefu haikubisha hodi. Iliingia kwa teke, ikiwa na mipira miwili, godoro la ziada na mapacha wa kiume walioshushwa langoni na mama yao pamoja na begi moja na maelezo mafupi kwamba "hawasumbui." Mama yao hakuzima hata gari.

Mwenye nyumba, dada mkubwa wa mwanamke huyo, alikuwa fundi wa meno bandia. Watu hudhani meno bandia hutengenezwa na daktari. Daktari hupima tu. Baada ya hapo kazi humwendea fundi, naye huyapanga meno moja moja juu ya nta laini ya rangi ya waridi, mgonjwa ayajaribu, na akiridhika ndipo nta hubadilishwa kuwa kitu kigumu cha kudumu. Fundi huyu aliifanya kazi hiyo katika kichumba kilichokuwa stoo, kati ya jikoni na ua, nyuma ya mlango wenye komeo. Rafu zake zilijaa mataya ya plasta yaliyoachama, na yeye aliyapenda kwa sababu yalikuwa midomo pekee nyumbani mwake isiyoomba chakula.

Wakati wa shule, komeo lile lilitosha. Likizo ilipofika, ndani ya nyumba kulikuwa na Kapteni, binti yake wa kwanza, aliyeamini kwamba Mungu alimwumba ili awaamrishe wenzake, Swali, kijana wa miaka minane ambaye jina lake lajieleza, Nukta, kitinda mimba, aliyekuwa mdogo kuliko wote na hatari kuliko wote, mapacha wasiosumbua, na mamamkwe wake, aliyekuja kwa siku chache "kumsaidia" na ambaye msaada wake mkubwa hadi sasa ulikuwa kuwafundisha watoto kubeti kwa maharage. Baba wa nyumba alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Alipiga simu kila jioni, akasikiliza kelele kwa muda, kisha mtandao ukawa mbaya ghafla.

Yote hayo Fundi angeyavumilia, kama si Refa.

Refa alikuwa mwamuzi wa kandanda aliyestaafu, na hata mkewe alimwita hivyo. Alitaka meno ya juu. Alikwishajaribu meno ya nta mara mbili kwa daktari, na mara mbili aliyatema kiganjani akasema, "Hapana." Daktari alimkagua, akaona hayabani wala hayalegei, akamwuliza kasoro iko wapi. Refa alijibu kwamba maamuzi yake hayana rufaa.

Basi daktari akampigia Fundi.

"Dada, kesho saa nne anakuja kwako mwenyewe. Mimi nimechoka kutazamwa kama mtu aliyenawa mpira. Akikataa tena, kazi hii nampa fundi mwingine. Na nikishampa hii, sioni kwa nini nisimpe na hizo nyingine."

Kazi zote za Fundi zilitoka kwa daktari huyo. Kwa lugha nyepesi, alikuwa karibu kumwaga unga, na wa kumwagisha ni kibogoyo mmoja.

Jioni hiyo aliyapanga meno ya Refa kwa uangalifu aliokuwa hajawahi kuutumia hata siku ya harusi yake. Yalisimama wima, yakalingana, yakanyooka kama askari wa gwaride. Kwa kuwa joto la msimu ule lilikuwa la kulainisha hata misumari, aliyatia kwenye kopo la bati, akaliweka rafu ya juu ya jokofu, akawakusanya watoto na kuwatangazia kwamba jokofu halitafunguliwa mpaka mgeni aje na aondoke. Wakati wa mgeni wote wangekaa chumbani watazame katuni, chini ya ulinzi wa bibi yao. Hakuna atakayecheka, kulia, kukimbia wala kuuliza.

"Kuuliza nini?" alisema Swali.

Asubuhi, muda mfupi kabla ya saa nne, Fundi alifungua jokofu. Mahali pa kopo palikuwa na vikombe vingi vya maji ya matunda, kila kimoja kimechomekwa kijiti katikati. Aligeuka polepole. Watoto watano walikuwa wamesimama mlangoni kwa unyenyekevu wa kutisha.

"Kopo langu liko wapi?"

"Kopo lipi?" aliuliza Swali.

"Lenye meno."

"Meno ya nani?"

"Yako, baada ya dakika moja, usipolileta."

Kapteni alijitokeza mbele, kama kiongozi anayejua kwamba historia itamhukumu. "Tuliliweka dirishani, Mama. Kwa muda tu. Juu kwenye friza palijaa, na barafu zetu zilikuwa zinayeyuka."

"Kwa hiyo mkaitoa nta mkaianika juani, ili maji yasiyeyuke."

Kapteni alilipima jambo hilo. "Ukisema hivyo, linasikika vibaya."

"Mama mkubwa, usijali," alisema pacha mmoja. "Yalianguka, lakini Nukta ameyarudisha."

Fundi alilichukua kopo dirishani na kulifunua. Nta ilikuwa imejaa alama za vidole gumba vidogo. Magego yalikuwa yamepangwa mbele, manene, yamebanana kama mama wakubwa kwenye kochi la harusini. Meno ya mbele yalikuwa yametupwa nyuma kabisa, na moja lilikuwa limegeukia upande wa koo, kama abiria anayekumbuka kwamba ameacha pasi imewashwa.

"Makubwa yanakaa mbele," Nukta alieleza, "kwa sababu ni makubwa."

Mlango wa mbele ukagongwa.

Fundi alimshika mamamkwe wake mkono, akanong'ona, "Mama, nakuomba. Mwambie nimeitwa kwenye dharura."

"Dharura ya meno bandia?" mamamkwe aliuliza, akijifunga kanga vizuri. "Haya. Uongo wako, ulimi wangu."

Akaenda. Fundi alisikia mlango ukifunguliwa, kisha sauti ya mkwewe ikisema kwa furaha, "Karibu, Refa. Meno yako yameyeyuka. Pita jikoni, wote wako huko."

Mzee aliyeingia alikuwa mrefu, mkavu, amenyooka kama mlingoti wa kona. Mkono mmoja ulishikilia leso mdomoni. Shingoni, juu ya shati lililopigwa pasi, ilining'inia filimbi ambayo bila meno hakuweza hata kuibana. Wajukuu zake walikuwa wakicheza mpira kila jioni uani pake, na jirani yake, mtu asiyejua hata maana ya kuotea, ndiye aliyekuwa akiwachezesha. Jambo hilo lilikuwa likimla Refa taratibu.

Fundi aliona ni heri aibu ya mara moja.

"Mzee, sina la kukudanganya. Meno yako niliyapanga vizuri. Watoto wameyatoa kwenye baridi, yamelegea, na huyu mdogo ameyapanga upya." Akamwonyesha kopo.

Refa aliinama juu yake. Aliyatazama meno yale kwa muda mrefu, kama mtu anayeamua kama mpira umevuka mstari.

"Nani amepanga kikosi hiki?" aliuliza nyuma ya leso.

Nukta alinyoosha mkono.

"Mabeki wote umewaweka mbele."

"Ndiyo. Wana nguvu."

"Na huyu aliyewapa mgongo wenzake?"

"Amenuna."

"Golini yuko nani?"

Nukta alifikiri. Kisha akautoa ulimi wake nje, akaugusa kwa kidole. "Huyu."

Kwanza mabega ya Refa yalitikisika. Kisha kitu kikamtoka kifuani, kikavu, kinakwaruza, kama lango lililofungwa miaka mingi. Na leso ikaanguka sakafuni. Refa alikuwa akicheka.

Fundi hakucheka. Alikuwa akitazama mdomo. Upande wa kushoto, mdomo wa juu wa mzee yule ulipanda mpaka karibu na pua, ufizi wote ukaonekana. Upande wa kulia ulitulia palepale. Ulikuwa mdomo uliokwenda mshazari kama kofia ya mhuni. Na yeye mara tatu alikuwa amempangia meno ya gwaride, kwa vipimo vya mtu aliyekaa kwenye kiti cha daktari amekunja uso.

"Mzee, ulipokuwa kwa daktari, ulicheka hata mara moja?"

"Kucheka?" Refa alijifuta macho. "Refa akicheka uwanjani wachezaji humpanda kichwani. Nimezoea hivyo." "Nilipoyavaa yale ya kwanza, mke wangu alinitazama akasema, 'Ni mazuri. Lakini ni ya nani?' Ningemweleza vipi daktari maneno hayo?"

Watoto walikuwa wameanza kurudi kinyumenyume kuelekea chumbani, kwa mwendo wa watu wanaotarajia kusahauliwa.

"Nyie," Fundi alisema. "Rudini hapa."

Wakarudi. Alikwishavuta kiti na kumkalisha Refa penye mwanga wa dirisha. Kisu cha nta na taa ndogo ya spiriti vilikuwa mezani, kati ya maganda ya ndizi na karata za bibi. Akaing'oa safu ya Nukta, akaipasha nta moto, akasema bila kuinua kichwa:

"Mchekesheni."

Watoto walitazamana kama wafungwa walioambiwa kwamba jela imefungwa kwa ukarabati.

"Kwa kelele?" aliuliza Kapteni kwa tahadhari.

"Kwa chochote."

Kumbe si rahisi kuchekesha kwa amri. Pacha wa kwanza alisimulia kichekesho akasahau mwisho. Pacha wa pili alitembea kwa mikono akaangusha sufuria, na Refa alimtazama kwa macho ya kadi ya njano. Ndipo Swali akakaribia.

"Babu, umewahi kukosea uwanjani?"

"Kamwe."

Mlangoni mtu alikohoa. Mamamkwe alikuwa amejiegemeza pale, mikono kifuani. "Na ile penalti ya fainali?"

Refa aliganda. "Penalti ipi?"

"Unaijua. Beki wa kushoto alikuwa marehemu mume wangu. Hakumgusa yule mtu. Aliingia kaburini anasema hakumgusa."

"Alimkwatua."

"Mtu alijikwaa kwenye kamba zake mwenyewe za viatu."

"Mama huyu," Refa alimwambia Fundi, "alikuwepo uwanjani?"

"Nilikuwepo, nimembeba tumboni mume wa huyu," mamamkwe alijibu, "na nusura nimzae palepale kwa hasira."

Kesi hiyo isingeweza kuamuliwa kwa maneno. Pacha mmoja akawa mshambuliaji, mwingine akawa marehemu. Kapteni alisogeza meza ndogo ikawa goli, Nukta akasimama ndani yake na ulimi nje. Mshambuliaji alianguka kabla hajaguswa, akagaagaa sakafuni akililia mama yake, hospitali na mawakili. Bibi alimwinua kwa sikio ili aanguke upya, kwa haki safari hii. Mara ya pili marehemu alimkosa mshambuliaji akamkwatua bibi, aliyeketi kwenye beseni la nguo zilizolowekwa na kubaki humo, akidai kwamba hiyo sasa ndiyo rafu, wote wameona. Swali alizunguka akihoji mashahidi. Refa aliunguruma, akashika mbavu, akaunguruma tena. Na kila mdomo wake ulipopanda, Fundi alipima kwa jicho, akashusha jino moja, akalilaza lingine kidogo juu ya mwenzake. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye nyusi. Miguu ilipita chini ya meza yake, mpira ukapita juu ya kichwa chake, wala hakusema "nyamazeni." Aliogopa wangenyamaza.

Mwishowe aliisafisha safu kwa dawa, akaichovya kwenye maji baridi, akampa Refa pamoja na kioo.

"Taratibu. Bado ni nta, usiume. Na filimbi isubiri."

Refa aliyavaa. Hakutabasamu kwa kujaribu, kama wafanyavyo wengi. Alimtazama mamamkwe ndani ya beseni, na tabasamu likapanda lenyewe upande wa kushoto, meno yakapanda nalo. Kisha akakiangalia kioo. Fundi alijikuta amekishika kile kisu cha nta kwa mikono miwili.

"Huyu," Refa alisema polepole, "namjua."

Akamgeukia mamamkwe, na maneno yakamtoka safi, kila herufi mahali pake: "Ilikuwa penalti. Na ningerudi leo, ningeitoa tena."

Mamamkwe alimkagua kichwa mpaka kidevu. "Yamekukaa," alisema. "Uongo unatoka vizuri kabisa."

Jioni daktari alipiga simu. Refa alikuwa amekubali. Ila ametoa sharti kwamba siku ya kuja kuyachukua yakiwa tayari, wale watoto wawepo, na yule mama wa kwenye beseni pia, kwa sababu kuna ushahidi mpya anataka kuuwasilisha.

"Watoto gani?" aliuliza daktari. "Na hizo ni kelele za nini?"

"Mtandao mbaya," alisema Fundi, akakata.

Aliitoa safu ya nta kwenye jokofu, akaiweka ndani ya kopo lake, na kopo ndani ya ndoo ya maji baridi chini ya meza yake ya kazi, ili rafu ya juu ipatikane kwa barafu. Kisha akaketi kumalizia kazi nyingine. Alipotaka kuvuta komeo, mkono ulisita. Alichagua rafuni taya moja kubwa la plasta, la mtu aliyekwisha kupata meno yake na kwenda zake, akalisukuma chini ya mlango ili usijifunge.

Haukupita muda Nukta akaja, akachuchumaa mbele ya taya lile lililoachama, akalitazama kwa huruma, akalilambisha barafu.